Namna ya kutoa sindano ya uzazi wa mpango katika zahanati

Kabla ya kuandaa Depo-Provera, hakikisha kuwa mteja si mjamzito, pima shinikizo la damu, na uliza kuhusu saratani ya matiti na umri wa mtoto anayenyonya, kwa kuwa mama anayenyonyesha ambaye hajatimiza wiki 6 tangu kujifungua hushauriwa kusubiri. Tikisa kichupa mpaka dawa iliyotuama chini ichanganyike yote, vuta miligramu 150, yaani mililita 1, kisha choma ndani ya msuli wa bega au wa tako. Usipasugue mahali ulipochoma, na mteja naye asipakande akifika nyumbani, maana dawa itanyonywa haraka kupita inavyotakiwa.

Kinachoharakishwa mno, kwa maoni yangu, ni mazungumzo. Mteja asiyeambiwa mapema kwamba hedhi inaweza kuvurugika, au hata kukoma bila kumdhuru, mara nyingi ndiye asiyerudi. Aelezwe pia kuwa uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kurejea kwa miezi kadhaa, na kwamba sindano haikingi VVU. Kama hedhi ilianza zaidi ya siku 7 zilizopita, atumie kondomu kwa siku 7. Mwandikie kwenye kadi tarehe ya kurudi baada ya miezi 3. Akichelewa kwa wiki zisizozidi 4, mchome bila kumdai kipimo cha mimba.