Baiskeli ya mtumba: gololi kwanza, breki baadaye

Baiskeli nyingi zinazoletwa kwa mafundi hapa Tabora kwa sababu ya breki, ugonjwa wake uko kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye gololi ndani. Mwenyewe analalamika kwamba raba zinakwaruza ringi. Anakaza waya, analegeza, wiki haijaisha yuko palepale. Gurudumu likicheza kwenye ekseli (chuma kinachopita katikati ya habu), ringi huyumba kushoto na kulia, na hakuna breki itakayokaa sawa. Kwa hiyo fuata mpangilio huu, usiuruke.

Hatua ya 1: Pima. Pindua baiskeli isimamie kiti na usukani. Shika ringi karibu na uma (vyuma viwili vinavyoshika gurudumu), isukume kushoto na kulia. Ikicheza, koni (nati iliyochongoka inayobana gololi) imelegea au gololi zimekwisha. Kisha zungusha gurudumu polepole, mkono mwingine ukiwa kwenye uma. Mkwaruzo unaousikia mkononi mara nyingi ni mchanga wenyewe, hasa kwa baiskeli inayobeba magunia ya mkaa kwenye njia za vijijini. Kama haichezi ila ringi inapinda ikizunguka, hiyo ni kazi ya spoki.

Hatua ya 2: Fungua kushoto tu. Toa gurudumu, tandika kitambaa cheupe chini. Shika koni kwa spana nyembamba, na kwa spana nyingine legeza nati inayoifunga. Toa koni ya kushoto, kisha chomoa ekseli taratibu kuelekea kulia. Koni ya kulia iache kwenye ekseli, ndiyo inayotunza kipimo, na kwa gurudumu la nyuma huna haja ya kuondoa friwili (gia ya nyuma inayovutwa na mnyororo).

Hesabu gololi. Kwa kawaida mbele ni 10 kila upande, za 3/16 ya inchi. Nyuma ni 9 kila upande, za robo inchi. Ukikuta pungufu, kuna aliyefungua kabla yako akazipoteza. Nunua seti nzima. Usichanganye mpya na za zamani: zile mpya ni nene kidogo, zitabeba mzigo wote peke yake na kuharibu koni.

Hatua ya 3: Osha, kagua. Osha kwa mafuta ya taa, kausha. Hapa usiwe na haraka. Njia ya gololi kwenye koni inatakiwa iwe mstari laini unaong'aa. Pitisha ncha ya kalamu ya wino juu yake. Ikikwama kwenye vishimo, koni hiyo itupe, hata kama muuzaji alikuhakikishia ni nzima. Nenda nayo dukani ukalinganishe nyuzi za skrubu na ile mpya. Vishimo vikiwa kwenye bakuli ndani ya habu, tafuta habu nyingine.

Hatua ya 4: Grisi na koni. Jaza grisi, si oili chafu ya gari. Oili hutiririka, hukusanya vumbi, na ikifika kwenye ringi breki hazishiki. Bandika gololi, rudisha ekseli, kaza koni kwa vidole mpaka iguse, kisha irudishe kidogo sana. Ule ulegevu ni wa makusudi, maana nati ikikazwa huisukuma koni ndani. Rudisha gurudumu kwenye uma, lizungushe taratibu: likiwa sawa, uzito wa valvu utalivuta, litabembea kidogo, litulie.

Hatua ya 5: Sasa breki. Osha ringi kwa sabuni. Chokoa kwa pini mchanga na vipande vya chuma vilivyonasa kwenye raba. Raba iguse ringi pekee, isipande kwenye tairi wala kushuka kwenye spoki, na ncha yake ya mbele itangulie kugusa kwa kama milimita 1 ili isipige kelele. Waya uliofumuka nyuzi usiufunge fundo, badilisha. Mkono wa breki ukivutwa hadi mwisho usifike kwenye usukani.

Kwa baiskeli za Phoenix zenye breki za fimbo badala ya waya, raba hubana upande wa ndani wa ringi, na marekebisho yako kwenye nati za fimbo. Ringi za chuma zikilowa hushika vibaya sana, kwa hiyo masika anza kubana mapema.

Jaribu bila mzigo kwanza, kwenye tambarare. Ukishabeba mzigo siku chache, rudi uikague koni ya kushoto, kwani gololi mpya zikikaa mahali pake huacha mchezo mdogo unaohitaji kukazwa tena.