Kutoboa falka mpya kwenye sitaha ya jahazi kuukuu

Wiki iliyopita nilikuwa Matondoni, Lamu, namsaidia binamu yangu. Jahazi ni la marehemu baba yake, mbao za mbambakofi, na sitaha ya omo (mbele ya chombo) haikuwa na mlango. Kila akitaka kamba au nanga ya akiba, sharti mtu atambae kwa tumbo kutokea kwenye mlingoti. Tukaamua kutoboa falka (mlango wa kushukia chini ya sitaha) ya inchi 24 kwa 20.

1. Ingia chini kwanza, na tochi na kisu. Choma mihimili inayobeba sitaha. Kisu kikizama kama kwenye papai bivu, sahau falka, tengeneza mhimili.

2. Chora mipaka. Usiache ukanda mwembamba wa ubao pembeni, utapasuka ukipigwa msumari. Toboa tundu nne za keekee kutoka chini kwenda juu, moja kila pembe, kisha panda upime mishazari. Sitaha ina mgongo. Ulichokiona mraba kule chini huenda juu kisiwe mraba.

3. Mhimili. Hapa usiwe na haraka. Kama nafasi kati ya mihimili miwili inakutosha, shukuru, nenda hatua ya nne. Sisi haikututosha, mmoja ulipita katikati ya tundu.

Miaka ya nyuma, kwenye chombo cha mtu, niliukata mhimili kwanza nikidhani nitauegemeza baadaye. Msumeno ukabanwa, sitaha ikashuka upana wa kidole, na kalafati (pamba ya kuziba maungio) ikafunguka pande zote. Nilihangaika na jeki ya gari tangu alasiri mpaka isha inaadhiniwa. Sasa nafanya hivi:

Kwanza chombo kikae wima, kimeegemezwa pande zote mbili. Kikiwa kimelalia ubavu maji yalipotoka, sitaha imejipinda, na falka utakayoitengeneza itagoma kufunga kikielea.

Simamisha nguzo mbili chini ya mhimili, moja kila upande wa utakapokata. Zisikanyage mbao za ubavu hata kidogo. Laza ubao mnene juu ya mataruma (mbavu za chombo), nguzo zikae juu yake. Kaza kwa kabari polepole mpaka nguzo isitikisike kwa mkono, basi. Ukiona pamba inachomoza kwenye maungio ya sitaha, umezidisha, legeza.

Kisha andaa mbao mbili za urefu, kutoka mhimili wa mbele hadi wa nyuma, moja kila upande wa tundu. Zichonge meno na uzijaribishe kabla hujagusa msumeno. Ukishakata mhimili, ncha zake ziingie kwenye meno hayo siku hiyohiyo. Usilale nguzo zikiwa peke yake. Binamu alitaka tukale kwanza, nikakataa.

4. Kata sitaha. Msumeno wa mkono tu. Jigso (msumeno wa umeme) kwenye mbambakofi ya inchi moja na nusu hupinda, halafu hukutana na msumari wa zamani usioonekana. Wa mkono hukuambia mapema, sauti inabadilika. Pembe ziache na mviringo kidogo, zisianzishe ufa.

5. Ncha za mbao zilizokatwa hunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Zipake sifa (mafuta ya papa) mara tatu, ikauke kila mara. Watu wananuna kwa harufu, wavumilie.

6. Fremu isimame inchi 6 juu ya sitaha. Toboa kwanza, ndipo upige misumari ya zinki. Maungio yapige kalafati kwa pamba iliyolowa mafuta. Vijana wananiletea silikoni. Kwenye ubao ulioshiba sifa, silikoni inabanduka kama ganda la ndizi.

7. Kifuniko kivuke fremu inchi moja kila upande, na kifungwe kwa kamba kwa ndani. Cha kwanza tulikiacha huru, kusi ikakichukua karibu na kisiwa cha Manda.