Kuunganisha mapitio ya urubani na mafunzo ya ndege usiyoizoea: somo la Piper J-3 Cub

Rubani mwenye leseni ya Marekani haruhusiwi kuwa rubani kiongozi wa ndege ikiwa hajafanyiwa mapitio ya urubani ndani ya miezi 24 ya kalenda iliyopita. Kanuni ya 61.56 ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, inataka angalau saa 1 ya mafunzo ya ardhini na saa 1 ya mafunzo ya angani pamoja na mkufunzi aliyeidhinishwa. Marubani wengi huyafanya katika Cessna 172 ileile waliyojifunzia, juu ya uwanja uleule, na hurudi nyumbani na sahihi bila jambo jipya. Kanuni haikulazimishi kufanya hivyo, kwani inataka ndege yoyote ya kundi na daraja lililomo katika leseni yako, kwa mfano daraja la ndege za injini moja za nchi kavu. Nimechagua mfano wa rubani wa Cessna 172 anayehamia Piper J-3 Cub, ndege ya viti viwili vya mbele na nyuma, yenye injini ya nguvu farasi 65 na gurudumu dogo mkiani, kwa sababu tofauti za ndege hizo mbili zinafichua udhaifu wa rubani haraka sana.

Hatua ya 1: Mweleze mkufunzi kwamba unataka sahihi mbili

Mapitio ni jambo moja, na idhini ya kuendesha ndege yenye gurudumu la mkia, iliyo katika kanuni ya 61.31, ni jambo la pili. Mapitio yana muda wa chini uliowekwa. Idhini haina idadi ya saa, bali inataka mkufunzi aridhike na kupaa na kutua kwako katika upepo wa kawaida na wa ubavuni, kutua kwa magurudumu ya mbele mkia ukiwa bado juu, na kuahirisha kutua na kupaa tena. Wakufunzi wengi hupanga saa 5 hadi 10 kwa idhini hiyo. Mkufunzi anayekuahidi yote mawili kwa asubuhi moja, mimi ningemshukuru na kutafuta mwingine.

Hatua ya 2: Anza mapema

Mapitio yaliyofanyika tarehe 10 Machi 2024 yalidumu hadi tarehe 31 Machi 2026. Anza miezi miwili au mitatu kabla ya mwisho, ili hali ya hewa ikiharibika au mafunzo yakirefuka usijikute huna haki ya kuruka hata ile ndege uliyoizoea.

Hatua ya 3: Pigeni hesabu ya uzito kabla ya kukubaliana siku

Uzito wa juu kabisa wa J-3 ni pauni 1,220. Tuchukue ndege ambayo ikiwa tupu ina pauni 780: tangi lililojaa galoni 12 linaongeza pauni 72, na kinachobaki kwa watu wawili ni pauni 368, yaani takriban kilo 167. Wanaume wawili wa kilo 90 kila mmoja hawawezi kuruka pamoja na tangi hilo, na wakipunguza mafuta hadi uzito ukubali, somo litakuwa fupi. Tumia daima uzito ulioandikwa katika karatasi za ndege yenyewe, kwa kuwa ndege za miaka ya 1930 na 1940 zimekarabatiwa mara nyingi na hakuna mbili zinazolingana.

Hatua ya 4: Iache ndege ichague maswali ya saa ya ardhini

Hapa ndipo muungano huu unapolipa, kwa sababu mapitio lazima yaguse sheria za jumla za uendeshaji zilizomo katika Sehemu ya 91 ya kanuni za FAA, na Cub inazifanya sheria hizo ziwe na uzito ambao Cessna haikuwahi kuzipa. J-3 ya asili haina mfumo wa umeme. Je, inaweza kuruka baada ya jua kuzama? Haiwezi bila taa za kuonyesha mahali ilipo. Je, inahitaji kifaa cha ADS-B, kinachotangaza kwa redio mahali ndege ilipo, ambacho tangu tarehe 1 Januari 2020 ni lazima katika anga nyingi zenye shughuli? Ndege iliyothibitishwa tangu mwanzo bila mfumo wa umeme unaoendeshwa na injini ina msamaha, lakini msamaha huo hauifungulii anga za daraja B wala C, yaani zile zinazozunguka viwanja vikubwa vyenye shughuli nyingi. Je, inaweza kwenda kwenye uwanja wenye mnara wa waongozaji? Inaweza, rubani akiwa na redio ya mkononi inayosikika na mnara.

Kisha mafuta. Kipimo cha mafuta cha Cub ni waya uliochomekwa kwenye boya linaloelea ndani ya tangi, unaochomoza juu ya kifuniko cha tangi mbele ya kioo. Mafuta yakipungua, waya unazama. Sheria inataka akiba ya dakika 30 mchana, nayo injini hiyo hunywa takriban galoni 4 kwa saa. Mkufunzi mzuri atakuuliza waya uwe na urefu gani galoni 2 zinapobaki, naye hatakubali jibu mpaka mmekwenda kuupima kwenye ndege.

Hatua ya 5: Jifunze viti na mikono kabla ya injini kuwaka

Ukiwa peke yako, Cub huendeshwa kutoka kiti cha nyuma. Mkono wa kulia unashika usukani wa kijiti na wa kushoto unashika leva ya nguvu ya injini, kinyume cha ulivyozoea; breki hukanyagwa kwa visigino; kasi inasomwa kwa maili za kawaida kwa saa, si kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Injini huwashwa kwa kuzungusha propela kwa mkono: mkia umefungwa, mtu anayejua kazi yake amekaa ndani na visigino kwenye breki, na kila agizo linarudiwa kwa sauti kabla ya kutekelezwa. Usikubali kufundishwa kuzungusha propela kwa pupa.

Hatua ya 6: Angani, ndege kwanza na mapitio baadaye

Safari za mwanzo ziwe za kuizoea ndege. Kwa kuwa uzito wake mkuu uko nyuma ya magurudumu makubwa, Cub ikiwa ardhini ina tabia ya mkokoteni unaousukuma badala ya kuuvuta: ukipinda kidogo unataka kugeuka wenyewe. Miguu haipumziki mpaka ndege imesimama kabisa. Rubani aliyetoka kwenye Cessna 172 ya kisasa yenye injini isiyo na kabureta husahau pia kuvuta leva ya joto la kabureta kabla ya kupunguza nguvu, na injini hii hupata barafu kwa urahisi.

Miguu ikishatulia, fanyeni mazoezi ya mapitio: kuruka polepole, kufikia kasi ambayo bawa linaacha kuibeba ndege, ambayo ni karibu maili 38 kwa saa, na kujifanya injini imezimika. Cub haina flapu, vibamba vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, kwa hiyo kimo kilichozidi utakiondoa kwa kuitelezesha ndege kiubavu, ufundi ambao wengi hawajaugusa tangu mtihani wao.

Hatua ya 7: Sahihi

Mapitio yakiridhisha lakini kutua bado hakujatulia, pokea sahihi ya mapitio na uendelee na mafunzo. Kama mapitio hayakuridhisha, mkufunzi huandika tu kwamba alikufundisha. Hakuna alama ya kufeli inayoandikwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, bila idhini ya gurudumu la mkia, mapitio katika Cub yanahesabika kweli?

Jibu: Yanahesabika, kwani kanuni inataka uwe na daraja la ndege hiyo katika leseni, na idhini si daraja. Mkufunzi ndiye atakayekuwa rubani kiongozi mpaka upate idhini.

Swali: Nikipata idhini pekee, haitoshi badala ya mapitio?

Jibu: Haitoshi. Kinachochukua nafasi ya mapitio ni mtihani wa vitendo uliofaulu, kwa mfano wa daraja la ndege za majini, au kukamilisha awamu ya WINGS, programu ya FAA ya mafunzo ya hiari kwa marubani.

Swali: Nilipata leseni Kenya, na hapa Texas nimepewa cheti cha FAA kinachotegemea leseni hiyo. Mapitio yananihusu?

Jibu: Yanakuhusu, ndugu yangu. Kabla ya kuwa rubani kiongozi kwa cheti hicho lazima uwe na mapitio ya kanuni ya 61.56. Leseni ya Kenya nayo iwe hai, kwa sababu cheti chako kimesimama juu yake.

Swali: Baada ya sahihi zote mbili, naweza kumpakia mke wangu siku hiyohiyo?

Jibu: Ukiwa umepaa na kutua mara 3 katika ndege yenye gurudumu la mkia ndani ya siku 90 zilizopita, kila mara ukisimama kabisa, sheria inakuruhusu. Kutua kwa kugusa na kupaa tena hakuhesabiki hapa. Na mara hizo 3 lazima uwe umeshika usukani wewe mwenyewe, kwa hiyo kagua daftari lako uone ni ngapi mkufunzi alizitua.