Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuigeuza T-55 Kuwa Type 59 kwa Vipande vya Rezini

Anayejenga modeli ya kifaru kama ilivyotoka kwenye boksi huanza kwa kuunganisha, na akikosea mara nyingi anaweza kubandua na kurudia, lakini anayeigeuza modeli hiyo iwe ya kifaru kingine kwa vipande vya rezini, yaani kimiminika kinachomiminwa ndani ya umbo kikaganda kuwa kigumu, huanza kwa kukata kitu kizima ambacho hakitarudi tena kama kilivyokuwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya msumeno kugusa plastiki. Ninaandika nikiwa Tabora mjini, ambako sijapata kuona duka linalouza modeli wala vipuri vyake, na ambako kipande kikivunjika mbadala wake huagizwa ng'ambo na kusubiriwa kwa wiki nyingi. Maandalizi ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyafanya, na mengine ni yale niliyopaswa kuyafanya nikayaruka.

Kifaru ninachokichukua kuwa mfano ni Type 59, ambacho China ilianza kukiunda mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kufuata T-54A ya Kisovieti, na ambacho Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa nacho wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwa mbali hufanana sana na T-55, kifaru cha Kisovieti kilichoifuata T-54, kwani vyote vina mzinga wa milimita 100, askari wanne ndani, magurudumu matano kila upande, na nafasi pana kati ya gurudumu la kwanza na la pili. Tofauti ziko juu na mbele. Mnara wa Type 59, yaani sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga, una kifuniko cha feni chenye umbo la uyoga ambacho T-55 haina, na kwenye bamba la mbele lenye mteremko kuna tundu dogo la bunduki ya rashasha iliyofungwa ndani ya bodi, ilhali T-55A, toleo mojawapo la T-55, iliondolewa bunduki hiyo. Mwenye modeli ya T-55A anahitaji basi mnara mpya, tundu la mbele, na marekebisho kadhaa ya vitu vidogo, na hayo ndiyo ambayo seti ya kugeuzia huyaleta.

Swali la kwanza la kujiuliza, kabla ya kutoa hata shilingi, ni kama kweli unahitaji seti hiyo. Kampuni ya Trumpeter ya China imekwisha kutoa modeli nzima ya plastiki ya Type 59 katika kipimo cha 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, na kwa anayeanza bila kitu chochote mkononi naamini hiyo ndiyo njia ya busara, kwa sababu plastiki husamehe makosa mengi kuliko rezini. Mimi nilikuwa tayari na T-55A ya Tamiya iliyokaa kabatini miaka miwili, nami nilitaka kujifunza kazi ya rezini yenyewe. Sababu hizo mbili zilinitosha, na bila hata mojawapo nisingeingia gharama.

Ukishaamua, jambo linalotangulia mengine yote ni kuhakikisha kwamba seti imetengenezwa kwa ajili ya modeli ya kampuni uliyonayo wewe. Mafundi wengi wa rezini huchonga vipande vyao kwa kuvipimia juu ya modeli moja mahususi, na ingawa kampuni mbili zinaweza kuandika T-55 kwenye maboksi yao, shimo la mnara la moja halilazimiki kulingana na la nyingine. Hapa ndipo nilipoumia. Seti yangu ya kwanza iliandikwa tu kwamba ni ya T-55 katika kipimo cha 1/35, sikuuliza zaidi, na kwa shauku nikazikata zile pembe ndogo zinazoushikilia mnara kwenye bodi kabla hata ya kuutoa mnara wa rezini kwenye mfuko wake. Nilipouweka juu, pete yake ilikuwa nyembamba kuliko shimo kwa karibu milimita tatu, ukawa unacheza kama kifuniko cha sufuria nyingine. Niliiokoa kazi kwa kukata vipande vya mviringo kutoka kwenye kadi za benki zilizokwisha muda, ambazo unene wake ni milimita 0.76, nikavipanga kuzunguka pete kwa gundi ya supa, lakini siku nne zilipotea na ukingo haukuwa safi kama wa awali.

Muulize muuzaji kwa maandishi modeli gani inahusika, na namba yake ya boksi. Kisha upime mwenyewe. Kalipa ya bei nafuu, kile kipimio chenye taya mbili kinachotumiwa na mafundi wa pikipiki, inatosha kabisa, na hesabu yenyewe ni nyepesi: kipimo cha kifaru halisi kwa milimita kigawanywe kwa 35. Upana wa T-55 halisi ni mita 3.27, kwa hiyo modeli yako inapaswa kukaribia milimita 93 na nusu. Pete ya mnara ni milimita 1,825, ambazo hugeuka kuwa 52. Usishangae rezini ikipungua kidogo, kwa maana husinyaa kiasi inapoganda ndani ya umbo la silikoni, na kipande kilichonakiliwa kutoka kwenye nakala hupungua zaidi. Pungufu la nusu milimita linavumilika. La milimita mbili linataka mazungumzo na muuzaji kabla hujakata chochote.

Gharama nayo ihesabiwe mpaka mwisho wa safari ya kifurushi. Bei iliyo kwenye skrini si bei ya mzigo ukiwa mkononi Tabora, kwa sababu kuna usafirishaji, kuna ushuru wa forodha, na kuna VAT ya asilimia 18, na makopo ya rangi zenye kemikali zinazowaka hayaruhusiwi kusafiri kwa ndege kama barua ya kawaida. Agiza rezini peke yake, na rangi uzitafute kwa njia nyingine.

Picha za kifaru halisi zikusanywe mapema, na ziwe za gari moja kadiri inavyowezekana, badala ya kuchanganya picha za Vietnam, Pakistan na Tanzania kana kwamba vyote vilikuwa sawa, ilhali nchi zilibadilisha taa, masanduku ya nje na hata vifuniko. Picha za wakati wa vita na zile za gwaride la kitaifa zilizochapishwa hadharani zinafaa sana. Kwa wenzangu wa mji huu, wenye kambi ya jeshi karibu, nasisitiza bila kuzunguka: usiende kupiga picha kambini wala pembeni ya uzio wake, hata kama nia yako ni modeli tu. Ni kosa, na hakuna pembe ya bamba yenye thamani ya kukufikisha kwa walinzi. Zichapishe picha zako kwenye karatasi na uzibandike juu ya meza, maana simu huzimika na mikono yenye gundi haifai kugusa skrini.

Siku seti inapofika, vitoe vipande vyote mchana, karibu na dirisha, kila kimoja ukigeuze taratibu mpaka mwanga ukipitie kwa ubavu. Hivyo ndivyo viputo vya hewa vinavyoonekana. Katika mnara wangu wa pili, ule uliolingana, juu palikuwa laini kama yai, lakini chini ya ukingo wa kushoto palikuwa na vitundu saba vidogo vilivyojipanga kama mbegu za ufuta, na kimoja kilipoguswa kwa sindano kilifunguka kuwa shimo la kuingia kichwa cha kiberiti. Vitundu vya namna hiyo huzibwa kwa puti laini kabla ya rangi, wala si sababu ya kurudisha mzigo. Kipande kilichopungua, kilichovunjika au kisichokuwemo ndicho cha kudai, na cha kudai siku hiyo hiyo kikiwa na picha. Kipande kilichopinda hutumbukizwa kwenye maji ya moto kwa muda mfupi mpaka kilegee, kinyooshwe juu ya kioo, kisha kiwekwe kwenye maji baridi. Mzinga wa rezini hata hivyo siuamini kwa hali ya hewa yetu, kwa sababu chini ya bati la mwezi wa Oktoba unaweza kuanza kuinama wenyewe baada ya miezi. Ukipata wa alumini, au ukiweza kuutumia ule wa plastiki uliomo kwenye boksi, fanya hivyo.

Vipande vyote vioshwe. Mtengenezaji hupaka umbo lake mafuta ili rezini iachie, kama mwoka mikate anavyopaka trei, na mafuta hayo yakibaki, rangi itabanduka kama ngozi ya vitunguu. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini wa zamani vinatosha, pamoja na beseni na chujio ili vipande vidogo visimwagike na maji.

Gundi ya plastiki, ile inayoyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, haifanyi lolote kwenye rezini, kwa sababu rezini haiyeyuki. Utahitaji gundi ya supa kwa vipande vidogo, na epoksi ya kuchanganya mbili kwa vizito, hasa mnara, ambao ukiwa wa rezini nzito unaweza kung'oka siku modeli inapoinuliwa vibaya. Mahali pa kubeba uzito, toboa tundu pande zote mbili uingize kijiti cha waya. Kibanio cha karatasi kilichonyooshwa kinafaa kabisa. Gundi ya supa huganda kwa unyevu ulio hewani, kwa hiyo katika kiangazi chetu kikavu huchelewa kidogo kuliko Dar es Salaam, na chupa iliyofunguliwa huharibika haraka kwenye joto. Nunua chupa ndogo ndogo, uzihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko mahali pa baridi. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huiyeyusha gundi hiyo, lakini pia huila plastiki, basi isikaribie bodi ya kifaru.

Nimeliacha suala la vumbi mpaka hapa ili nilizungumze kwa urefu, kwa kuwa linahusu mapafu yako na ya watu wa nyumbani kwako. Kila kipande cha rezini huja na kitako, yaani bonge lililobaki pale rezini ilipomiminwa, na kitako hicho lazima kikatwe kwa msumeno mwembamba na kusawazishwa kwa msasa. Vumbi linalotoka ni laini kuliko unga wa ngano, huelea hewani kwa muda mrefu, na halifai kabisa kuvutwa. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Itafutwe ya N95 au FFP2, inayobana vizuri usoni. Tumia msasa wa maji, kwa kuanzia namba 400 na kumalizia 1000, ukichovya kila mara kwenye bakuli, ili vumbi libaki tope. Meza ifutwe kwa kitambaa kibichi, na ufagio usiguse sakafu hiyo ikiwa kavu. Usifanyie jikoni, usifanyie chumba wanacholala watoto, na kama unafanyia barazani chagua saa ambayo upepo umetulia. Mke wangu ndiye aliyegundua unga mweupe juu ya ndoo ya maji ya kunywa, jioni ya siku yangu ya kwanza, na tangu hapo nina shati la kazi hii peke yake, ambalo huvuliwa mlangoni.

Kuhusu rangi, chagua za akriliki za maji, ambazo harufu yake ni ndogo na usafiri wake ni rahisi, na utangulize praima, yaani rangi ya msingi inayopakwa kwanza, kwa sababu ndiyo itakayofanya rezini na plastiki zionekane kuwa chuma kimoja na ndiyo itakayofichua nyufa ulizodhani umeziba. Mwezi wa Oktoba rangi hiyo hukauka kwenye ncha ya brashi kabla ya kufika kwenye bamba, basi uwe na dawa ya kuchelewesha ukaukaji. Anayetumia bunduki ndogo ya kupulizia na hana kompresa anaweza kutumia tairi la akiba lililojazwa upepo kwa fundi wa pancha, likiwa limefungwa kwenye rimu yake, pamoja na kirekebisha shinikizo kinacholishusha hadi kati ya psi 15 na 20, kipimo kile kile cha upepo wa matairi. Tyubu tupu isitumike, maana bila tairi hupasuka. Njia hiyo pia hukuokoa umeme unapokatika katikati ya kazi. Andaa rangi mbili za vumbi, kwani udongo mwekundu wa Kagera haufanani na mchanga wetu mweupe wa Tabora, na kifaru cha mwaka 1979 hakipaswi kuonekana kimepita Tabora.

Hatua ya mwisho ya maandalizi ni kuvipachika vipande vyote bila gundi, kwa utepe wa karatasi, na kuiacha modeli ikiwa hivyo mezani usiku mzima. Asubuhi itazame kutoka mbele, macho yakiwa usawa wa minyororo, uone kama mnara umelala upande mmoja, kama feni iko upande unaouona kwenye picha, kama mzinga unafuata mstari wa katikati wa bodi. Kisha chora kwa penseli mahali patakapotobolewa tundu la bunduki ya mbele, ambalo kwa kipimo hiki halifiki milimita moja, upime umbali kutoka pande zote mbili za bamba, ufute, upime tena, uchore upya. Alama hizo mbili zikiangukia nukta ile ile, chukua keekee ya mkono.