Kupiga foto ya nebula ya buluu ya Corona Australis kutoka Lubumbashi

Ndugu zangu, kiangazi njo hiki, na Juni na Julai zile NGC 6726 na 6727 (namba za katalogi za nebula hii, yaani wingu la anga katika kundi la nyota la Corona Australis) zinapanda mpaka digrii 65 upande wa kusini, wakati watu wa Ulaya wanazitafuta chini kabisa kwenye upeo au hawazioni. Ile si gesi inayowaka yenyewe, ni vumbi linarudisha mwanga wa nyota jirani, na vumbi linatawanya buluu kuliko nyekundu.

Hatua ya 1, fasi. Toka mjini kwa njia ya Kasumbalesa, halafu uachane na barabara ya malori, ili taa za mji zibaki nyuma yako maana unapiga kusini. Mwezi usiwepo. Agosti moshi wa majani yanayochomwa unaharibu sana, mimi afadhali baridi ya Juni.

Hatua ya 2, stendi, ile inayobeba darubini na kamera na kuzizungusha polepole kufuata nyota, na hapa wengi wanakwama. Sisi tuko karibu digrii 12 tu kusini mwa ikweta kwa hiyo mhimili wa stendi, unaoelekea ncha ya kusini ya mbingu, unalala, fimbo ya uzito inayosawazisha darubini inashuka karibu wima na kugonga mguu. Mguu mmoja uelekeze kaskazini, miwili kusini, uzito upite katikati. Sigma Octantis, nyota iliyo karibu na ncha ile ya kusini, ni hafifu na iko chini kwenye vumbi, usihangaike nayo, chukua nyota iliyo juu katikati ya mbingu, tazama kama inateleza kaskazini ao kusini, sogeza stendi kidogo kidogo mpaka itulie dakika 5.

Hatua ya 3, fokasi. Tumia nyota Kaus Australis, iko jirani na inang'aa. Maski ya Bahtinov, kifuniko chenye mipasuo kinachowekwa mbele ya darubini, mimi nilikata na wembe kwenye karatoni ya sabuni: nyota inatoa mistari mitatu, ule wa kati ukikaa katikati kabisa, umefika. Rudia kila saa juu baridi inabana bomba.

Hatua ya 4: filtri ya hidrojeni, ile inayopitisha mwanga mwekundu wa gesi tu, toa! Nilipoteza nayo usiku mzima, kwenye picha ile buluu hakuna, juu filtri inakata mwanga wa nyota na mwanga wa nyota njo nebula yenyewe.

Hatua ya 5, piga RAW (faili ghafi ya kamera), ISO 800 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), sekunde 120, mara 90, ni saa 3, kwa hiyo batri ya gari ije imejaa. Mwisho funga kifuniko upige 20 za giza za kuondoa kelele ya kamera, na alfajiri tandika shati nyeupe mdomoni mwa darubini upige 20 zingine za kusawazisha mwanga na kufuta madoa ya vumbi la lenzi.

Hatua ya 6, Siril, programu ya kompyuta ya kutengeneza picha za nyota, ni ya bure. Unganisha picha zote, panga rangi, halafu inua mwanga polepole, na lile vumbi la kahawia kandokando usilifute kama uchafu, limeficha nyota za nyuma yake, ni wingu lile lile.

Vipimo vyote viandike. Pembeni kuna NGC 6729, nebula ingine, ka feni kadogo kenye nyota R CrA kwenye ncha, kanabadilika umbo. Mwezi ujao piga tena vile vile, weka picha mbili upande kwa upande, unaweza kuona kivuli cha vumbi ndani yake kimesogea.