Jinsi ya Kuhoji Bei ya Maji na Majitaka katika Kaunti Yako

Katiba ya Kenya ya 2010 iliikabidhi kaunti huduma za maji na majitaka, na chini ya Sheria ya Maji ya 2016 kampuni ya maji ya kaunti haiwezi kupandisha bei bila idhini ya bodi ya udhibiti, WASREB. Kampuni inapoomba bei mpya, hudhuria kikao cha maoni ya umma ukiwa na bili zako, na uulize ni maji kiasi gani yanayopotelea kwenye mabomba yanayovuja, mita zilizokufa na miunganisho haramu, kwa kuwa hasara hiyo, tofauti na gharama ya umeme wa pampu, imo mikononi mwa kampuni yenyewe. Mitambo ya kusafisha majitaka, ambayo mara nyingi hujengwa kwa mikopo na ruzuku, itafute katika makadirio ya bajeti, yanayopaswa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili.