Kupima kingamwili za klamidia kwa ELISA: mwongozo wangu wa maabara, Arusha

ELISA ni kipimo kinachoonyesha kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya vijidudu, kwa kubadilika rangi. Kabla hujashika sindano, soma fomu. Daktari ameandika "klamidia", ugonjwa wa zinaa wa bakteria, tu? Mpigie. Anayetokwa usaha au kuumia akikojoa leo anahitaji kipimo cha vinasaba kwenye mkojo au ute, si damu. Kingamwili huchelewa kujitokeza, kisha IgG, aina inayodumu, hukaa mwilini miaka. Damu inafaa zaidi kwa mwanamke anayechunguzwa mirija ya uzazi, au kichanga mwenye nimonia, ambaye tunamtafutia IgM, kingamwili ya mwanzo wa maambukizi.

Hatua ya 1. Chukua mililita 3 hadi 5 kwenye chupa ya kifuniko chekundu, uandike jina na namba hapo hapo mbele ya mgonjwa. Iache igande dakika 30, kisha izungushe kwenye mashine (sentrifuji) dakika 10 upate serumu, yaani maji ya damu ya juu. Serumu ikitoka nyekundu, seli zimepasuka. Omba damu nyingine.

Hatua ya 2. Toa vitendanishi kwenye friji. Hapa ndipo Arusha inapotuponza. Kiti (seti ya vifaa vya kipimo kutoka kiwandani) kinasema "joto la chumba", aliyekitengeneza akimaanisha nyuzi 20 hadi 25. Asubuhi moja ya Julai chumba changu kilisoma 15, nikaendelea tu. Kontroli chanya, sampuli ya kuhakiki ambayo lazima itoe rangi, ikatoka hafifu kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu. Sahani nzima ya vishimo 96 ikaenda pipani. Siku hizi nawasha hita kwanza, nakunywa uji, narudi kuangalia kipimajoto.

Hatua ya 3. Zimua serumu. Kiti changu kinataka mikrolita 10 kwenye 1,000 za bafa. Fuata karatasi ya kiti chako. Weka mikrolita 100 kila kishimo, pamoja na kalibreta (sampuli ya kulinganishia) na kontroli zote mbili, chanya na hasi. Subiri dakika 30.

Hatua ya 4. Osha mara tatu, kisha pindua sahani uigonge juu ya karatasi ya kufyonza. Igonge kweli, usiibembeleze: masalia yakibaki, hasi hugeuka chanya. Weka konjugeti (kingamwili yenye kimeng'enya) dakika 30, osha tena, halafu TMB (kimiminika kinachotoa rangi) dakika 15 gizani (mimi naificha kwenye droo). Bluu ikitokea, tia tindikali ya kusimamisha, itageuka njano. Soma kwenye nanomita 450 bila kuchelewa.

Hatua ya 5. Kontroli zikikataa, hakuna jibu linalotoka. Zikikubali, chunga kalamu. Siandiki "ana klamidia". Naandika "IgG imeonekana, maambukizi ya sasa au ya zamani". Hata Chlamydia pneumoniae ya mapafu inaweza kuingilia kipimo.

Mume mmoja alikuja dirishani na karatasi ya mkewe, sauti juu, anataka ushahidi. Nikamuuliza shemeji amekulia wapi. Longido, akasema, na utotoni macho yalimsumbua sana. Vikope, ugonjwa huo wa macho, husababishwa na Chlamydia trachomatis ileile. Nikamrudisha kwa daktari aende na mwenzake. Mchana walikuja na fomu za mkojo, mbili.